Jina Lisilo na Mtu: Mkasa wa XZ na Swali la Nani Alihusika

Mwezi Novemba 2003, mtu ambaye mpaka leo hajulikani aliingia kwenye seva iliyokuwa ikihifadhi nakala ya msimbo wa Linux, akapachika mistari miwili ndani ya sehemu inayoshughulikia wito uitwao wait4. Ukiipitia haraka, mistari hiyo ilionekana kama ukaguzi wa kawaida: ikiwa programu imeomba mambo mawili fulani kwa pamoja, na ikiwa anayeiendesha ana namba sifuri, yaani ni mkuu wa mfumo, basi irudishiwe kosa. Lakini katika lugha ya C alama mbili za usawa ndizo zinazouliza. Alama moja inaamuru. Aliyeandika mistari ile aliweka moja. Kwa hiyo badala ya kuuliza kama mtumiaji ni mkuu wa mfumo, msimbo ulimfanya awe mkuu wa mfumo, yeyote yule, mradi anajua mambo mawili ya kuomba. Hila hiyo ilinaswa mapema kwa sababu msimbo rasmi ulitunzwa mahali pengine, kwenye mfumo wa BitKeeper, na ulinganishaji wa kawaida ulionyesha badiliko lisilo na kumbukumbu ya kuidhinishwa na yeyote. Haikufika kwenye toleo lolote. Zaidi ya miaka 20 imepita. Kila herufi iliyoandikwa siku ile inajulikana, na aliyeiandika hajulikani hata kidogo.

Hali hiyo si ya kisa kimoja. Programu huria huandikwa hadharani: kila badiliko huwekewa jina, tarehe na saa, na mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma kumbukumbu hizo miaka kumi baadaye. Wingi huo wa kumbukumbu humfanya msomaji aamini kwamba jibu la swali la nani limo humo humo, likisubiri mtu mwenye subira ya kulichimbua. Ninaloshikilia ni kwamba sivyo. Kumbukumbu za programu huria ni shahidi mzuri sana wa tendo na ni shahidi dhaifu mno wa mtendaji, kwa sababu yanayohusu tendo yanaweza kupimwa na kurudiwa na mtu mwingine, ilhali yanayohusu mtendaji yameandikwa na mtendaji mwenyewe. Mkasa unaolionyesha hili vizuri kuliko mwingine wowote ni ule wa XZ, uliogunduliwa mwezi Machi 2024, na inafaa kuusimulia kwa kirefu kabla ya kugusa swali la nani.

XZ Utils ni programu ya kubana faili. Haina umaarufu wowote kwa mtumiaji wa kawaida, lakini iko karibu kila mahali penye Linux: kiini chenyewe cha Linux husambazwa kikiwa kimebanwa kwa mtindo wake, na maktaba yake, liblzma, hutumiwa na programu nyingine nyingi ambazo nazo hutumiwa na nyingine. Kwa zaidi ya muongo mmoja ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, kwa kujitolea, bila mshahara na bila kampuni nyuma yake. Linux ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, za mabenki, za vyuo na za serikali. Kwa hiyo kazi ya jioni na wikiendi ya mtu mmoja ilikuwa imebeba mzigo ambao taasisi kubwa hazikuwahi kujiuliza nani anaubeba.

Mwaka 2021 akaunti mpya iliyojiita Jia Tan ilijitokeza. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo ilituma badiliko lake la kwanza kwa XZ, dogo na lisilo na ubaya, linalohusu mpangilio wa faili za msimbo. Wiki chache baadaye akaunti hiyo hiyo ilipeleka badiliko kwenye mradi mwingine, libarchive, ambalo miongoni mwa mambo mengine liliondoa njia salama ya kuchapisha maandishi na kuweka isiyo salama. Likapokelewa bila mjadala mrefu. Kisha Jia Tan akaendelea kutuma marekebisho kwa XZ, mengi yakiwa ya kweli na yenye manufaa, na hilo ndilo jambo la kuzingatia: sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kazi halali, iliyofanywa na mtu anayejua anachofanya.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2022 ndipo shinikizo lilipoanza. Majina mengine yasiyojulikana, Jigar Kumar na Dennis Ens, yalijitokeza katika barua za mradi yakilalamika kwamba marekebisho yanachelewa, kwamba mradi umekwama, kwamba hapatakuwa na maendeleo mpaka apatikane mtunzaji mwingine. Collin alijibu kwa upole mkubwa. Alieleza kwamba hajapoteza hamu, lakini uwezo wake umepungua, zaidi kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili. Aliwakumbusha pia kwamba huu ni mradi wa kujitolea usiolipwa. Na akadokeza kwamba huenda Jia Tan akapewa nafasi kubwa zaidi siku za mbele. Waliolalamika hawakulegeza. Mmoja wao alimjibu mtu aliyekwisha kukiri hadharani kwamba anaumwa kwa kumwambia kwamba jumuiya inataka zaidi. Nimesoma maelezo mengi ya kiufundi kuhusu mkasa huu, na bado naona kwamba sehemu hii, isiyo na hata mstari mmoja wa msimbo, ndiyo yenye ukatili kuliko zote. Baada ya nafasi kupatikana, majina yale mawili yalinyamaza na hayakuonekana tena popote.

Mwaka 2023 Jia Tan alikuwa ameshika usukani kwa kiasi kikubwa. Mwezi Machi alitoa toleo 5.4.2 kwa mkono wake mwenyewe, na siku chache baadaye anwani ya kupokelea taarifa za kasoro katika mradi wa Google unaojaribu programu huria kwa kuzimwagia data ovyo ilibadilishwa ili taarifa zimfikie yeye. Katika majira ya joto jina jipya, Hans Jansen, lilileta marekebisho yaliyoruhusu maktaba kuchagua, wakati inapoanza, ni kipande kipi cha msimbo kitumike. Nia iliyotajwa ilikuwa kuongeza kasi. Mwezi Julai Jia Tan aliomba utaratibu huo uzimwe kwenye majaribio ya Google, kwa maelezo kwamba unagongana nayo, na ombi likakubaliwa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake inayoingia akilini, na hakuna hatua ambayo peke yake ingemshtua mtu makini.

Tarehe 23 Februari 2024 faili mbili za majaribio ziliongezwa kwenye hazina ya mradi. Moja ilikuwa na jina linaloeleza kwamba ni faili ya XZ iliyoharibika, na hapo ndipo penye werevu wa kutisha: programu ya kubana faili inahitaji kweli mifano ya faili mbovu ili ijaribiwe kama inazitambua, na hakuna mkaguzi anayekaa kusoma faili mbovu ya jozi akitarajia kuielewa. Ndani yake ulifichwa mtego. Siku iliyofuata toleo 5.6.0 lilitolewa. Kifurushi walichopakua wasambazaji kilikuwa na hati moja ya ujenzi ambayo haikuwa sawa na ile iliyoonekana hadharani kwenye hazina. Hati hiyo iliichukua ile faili mbovu, ikabadilisha baiti zake kwa mpangilio fulani hadi ikasomeka, ikatoa humo hati nyingine, na hiyo ikakagua kama inajengwa kwenye Linux ya x86-64 na kama kinachotengenezwa ni kifurushi cha Linux ya Debian au ya jamii ya Red Hat. Kama sivyo, ilijinyamazia. Kama ndivyo, ilichomeka kipande cha msimbo ulio tayari ndani ya liblzma.

Lengo halikuwa ubanaji wa faili. Lilikuwa sshd, mlango ambao wasimamizi wa seva huingilia kutoka mbali. OpenSSH yenyewe haihitaji liblzma hata kidogo. Lakini Debian, Fedora na wengine walikuwa wakiiongezea marekebisho madogo ili itoe taarifa kwa systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd ndiyo iliyokuwa ikiivuta liblzma. Kwa njia hiyo ya kuzunguka, msimbo uliofichwa ulikaa ndani ya mlinzi wa mlango na kuishika kazi ya kuhakiki saini za RSA. Mtu mwenye ufunguo wa siri wa aina ya Ed448 angeweza kutuma cheti chenye amri ndani yake, na amri hiyo ingetekelezwa kabla hata hajaulizwa neno la siri. Asiye na ufunguo huo asingeweza kuutumia mlango, wala asingeweza kuutambua kwa kubisha kutoka nje. Siku chache baada ya toleo hilo likaingia badiliko jingine ambalo mpaka leo naliona la ajabu: katika kipande kidogo cha majaribio kinachoangalia kama Linux inaweza kuifungia programu mipaka ya usalama, iliwekwa nukta moja mwanzoni mwa mstari. Kwa nukta hiyo jaribio lilikuwa halipiti kamwe, na kinga haikuwashwa. Nukta nyeusi kwenye skrini ya mtu aliyechoka haionekani.

Uliofichuliwa kwa bahati ni mlango uliojengwa kwa umakini kama huo. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio na alitaka mashine itulie. Aliona sshd inakula nguvu ya kichakataji isivyo kawaida, hata kwa majaribio ya kuingia yaliyokuwa yakikataliwa papo hapo kwa kukosea jina. Alipopima, kilichokuwa kikichukua takriban sekunde 0.3 kilichukua takriban 0.8. Akakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma chombo cha kukagua kumbukumbu, Valgrind, kilikuwa kimelalamika kuhusu liblzma. Malalamiko hayo ya Valgrind yalikuwa yamemfikia pia Jia Tan, naye aliyatupia kwenye kasoro ya kikusanyaji cha GCC, kisha akatoa toleo 5.6.1 lililoyanyamazisha. Freund hakuacha. Alifuata nyuzi mpaka kwenye kifurushi, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10, ya juu kabisa. Matoleo yenye sumu yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora na kwenye mifumo inayosasishwa kila siku kama openSUSE Tumbleweed; hayakuwa yamefika kwenye matoleo thabiti yanayoendesha seva nyingi za dunia. Siku chache tu kabla ya hapo Hans Jansen alikuwa akiwahimiza Debian wapokee 5.6.1, na mtunzaji mmoja wa Fedora alieleza kwamba Jia Tan alikuwa amewasiliana naye kwa wiki kadhaa akitaka toleo jipya liingizwe.

Swali la nani lilianza siku hiyo hiyo, na majibu hayakuchelewa. Wengine walishika jina: Jia Tan, na katika kumbukumbu chache Jia Cheong Tan, basi ni Mchina, au Msingapore, au Mmalaysia. Hoja hiyo inaanguka ikiguswa. Git, mfumo unaotunza kumbukumbu hizo za mabadiliko, hauulizi kitambulisho. Jina ni sehemu ya maandishi ambayo mwandishi hujaza mwenyewe. Mwezi Machi 2021 mtu alipachika msimbo mbaya kwenye hazina ya lugha ya PHP, na mabadiliko hayo mawili yalibeba majina ya Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa lugha hiyo, na Nikita Popov, mmoja wa waandishi wake wakuu. Hakuna aliyefikiri kwamba wao ndio waliofanya, kwa sababu wao wanajulikana. Jia Tan hana sura, hana mwajiri, hana picha ya mkutano hata mmoja, na jina lisilo na mtu ndilo rahisi zaidi kulitwika kabila.

Wengine, makini zaidi, walishika saa. Karibu mabadiliko yote ya Jia Tan yana alama ya saa ya +8, ambayo ni saa ya Beijing, Singapore, Manila na Perth. Lakini machache sana yana +2 au +3, na safari moja alama zinapishana ndani ya saa chache, muda usiomtosha mtu kuruka kutoka Asia ya Mashariki hadi Ulaya. Wachambuzi wakasema: hapa alisahau kugeuza saa ya kompyuta yake, na saa ya kweli ni hii ya +2 na +3. Ukizigeuza kazi zake zote kwa saa hiyo, unakuta mtu aliyefanya kazi kati ya saa tatu asubuhi na jioni, kama mwajiriwa wa ofisini, aliyefanya kazi Mwaka Mpya wa Kichina na kupumzika wakati wa Krismasi. Nakiri kwamba uchambuzi huu ni mzuri, na kama ningelazimishwa kuchagua kati ya +8 na +2 ningechagua +2. Lakini tazama unatufikisha wapi. Saa ya +3 peke yake ni saa ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, sawa na ilivyo ya Moscow na Riyadh. Kinachotutoa sisi wa Afrika Mashariki kwenye orodha ni kwamba alama za +2 zinaangukia majira ya baridi na za +3 majira ya joto, yaani mahali panapogeuza saa mara mbili kwa mwaka, nasi hatugeuzi. Sasa, Moscow nayo haigeuzi saa tangu mwaka 2014. Hata hivyo dhana iliyoenea kupita zote ilikuwa kwamba ni kikosi cha kijasusi cha Urusi kinachoitwa APT29, na wengi walioirudia waliiunga mkono kwa kutaja saa. Saa zile, zikichukuliwa kwa uzito wake, zinaonyesha eneo linaloanzia Ufini na kushuka kupitia Ukraine, Romania na Ugiriki hadi Lebanon na Israel. Anayetaka kuzitumia dhidi ya Moscow lazima kwanza aseme kwamba haziaminiki.

Tena Ufini imo humo, na Collin anaishi Ufini. Mtu ambaye kazi yake kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa kumfurahisha mtunzaji mmoja wa Kifini, kujibu barua zake mapema na kupata idhini yake, alikuwa na sababu ya wazi ya kufuata saa za kazi za Ufini na likizo za Ufini, akiwa amekaa popote duniani. Sidai kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba maelezo haya yanafaa kwa ushahidi ule ule, na ushahidi unaofaa kwa hadithi tatu zinazopingana hauwezi kumtia hatiani yeyote.

Kuna pingamizi kwamba makosa madogo kama yale ya saa hayaghushiwi, kwa kuwa mghushi angeacha alama kubwa zinazoonekana, si alama tisa au kumi ndani ya mamia. Pingamizi hilo lina nguvu kwa mtu ambaye hajasoma mkasa wa Pyeongchang. Wakati wa ufunguzi wa Olimpiki ya Majira ya Baridi, Februari 2018, mitandao ya waandaaji ilishambuliwa na programu iliyopewa jina la Olympic Destroyer. Ndani ya faili zake kulikuwa na kichwa cha faili kilichofichika, aina ya alama ambayo vyombo vya ujenzi huacha vyenyewe na ambayo watu wachache sana huitazama, nacho kilielekeza moja kwa moja kwa kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Watafiti wa Kaspersky walipolinganisha kichwa hicho na msimbo wenyewe walikuta haviendani: alama ilikuwa imepandikizwa ili ipatikane na mtaalamu, si na mtu wa kawaida. Oktoba 2020 Marekani iliwafungulia mashtaka maofisa sita wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, GRU, kwa shambulio hilo miongoni mwa mengine. Wapo basi watu wanaoghushi vidokezo vidogo makusudi, wakijua kwamba mtaalamu hukiamini zaidi kile alichokichimba mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasemao kwamba utaalamu wenyewe ndio ushahidi. Nani mwingine, wanauliza, ana subira ya miaka miwili na nusu, ana watu wa kuigiza majina manne, na anajenga mlango ambao hauwezi kufunguliwa ila kwa ufunguo wake, pasipo kuona senti moja? Hapa nakubali sehemu kubwa. Mwizi wa fedha hana tabia hii. Mwaka 2018 mtu aliyekabidhiwa maktaba ya JavaScript iitwayo event-stream, baada ya mwandishi wake Dominic Tarr kuchoka nayo, aliichomekea msimbo wa kuiba sarafu za bitcoin kutoka pochi ya Copay, na kutoka kukabidhiwa hadi kufichuliwa ilipita miezi michache tu. Mkasa wa XZ ni wa watu wa aina nyingine. Dola fulani, au kampuni inayouzia dola zana za kudukua, ni dhana ninayoiona imara kuliko nyingine. Lakini kusema ni dola si kusema ni dola ipi, na nchi zenye uwezo wa kumlipa mhandisi mzuri mmoja na wasaidizi wake kwa miaka mitatu ni nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Hata kwamba Jigar Kumar, Dennis Ens na Hans Jansen walikuwa mkono mmoja na Jia Tan ni jambo tunalolisoma kutokana na mwenendo: walitokea walipohitajika, hawakuwa na historia, walitoweka. Nami naliamini. Nalo ni hitimisho kuhusu tendo, lililopimwa kwa tendo.

Husemwa pia kwamba kukataa kutaja jina ni kumwachia mhalifu aende zake, kwamba bila lawama hakuna anayeogopa. Historia inajibu vizuri hapa, kwa kuwa tunayo mikasa ambayo wahusika wake walitajwa. NotPetya ilienezwa Juni 2017 kupitia visasisho vya M.E.Doc, programu ya kodi ya Ukraine. Februari 2018 Uingereza na Marekani ziliilaumu Urusi, na katika mashtaka yale yale ya 2020 maofisa wa GRU walitajwa mmoja mmoja. SolarWinds iligunduliwa Desemba 2020 na kampuni ya FireEye, baada ya kisasisho chenye sumu kufikia wateja wapatao 18,000. Aprili 2021 serikali ya Marekani iliitaja idara ya ujasusi wa nje ya Urusi, SVR. Katika mikasa hiyo jina halikupatikana kwa kuangalia saa zilizo kwenye msimbo. Palikuwa na seva zilizovamiwa, mitandao iliyofuatiliwa, malengo yaliyoshambuliwa kweli, na idara za upelelezi zenye njia zake. Mlango wa XZ uligunduliwa kabla haujajulikana kutumika dhidi ya yeyote, na huo ndio uzuri wake na ndio ugumu wake: hakuna aliyeibiwa, kwa hiyo hakuna njia ya kumfuata mwizi hadi kwake. Mtu anaweza kulalamika kwamba serikali nazo hazionyeshi ushahidi wote, na ni kweli. Lakini shutuma iliyotiwa saini na serikali ina wa kuulizwa ikithibitika kuwa ya uongo. Uvumi hauna. Na gharama ya uvumi haimwangukii aliyejificha nyuma ya Jia Tan. Inamwangukia mhandisi wa kweli mwenye jina la Kichina, ambaye kesho atatuma marekebisho yake ya kweli kwa mradi fulani na kusomwa kwa jicho jingine. Programu huria zimejengwa na watu waliopokelewa kwa kazi zao bila kuulizwa kwao ni wapi, na desturi hiyo ina thamani kubwa mno kuitoa kwa ajili ya ubashiri.

Nao ujuzi wa tendo, ambao tunao kamili, ulianza kufanya kazi mara moja. Akaunti ya Jia Tan ilifungwa. Lasse Collin alirudi, akapitia upya kilichoandikwa, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo 5.6.2 lisilo na mlango ule. Kabla ya hapo, tarehe 15 Aprili, taasisi za OpenJS na OpenSSF zilitoa tahadhari ya pamoja. Baraza la OpenJS lilikuwa limepokea mfululizo wa barua pepe zenye ujumbe unaofanana, kutoka majina tofauti, zikilihimiza lisasishe mradi mmoja maarufu wa JavaScript ili kuziba udhaifu ambao hazikuutaja, na zikitaka waandishi wa barua hizo wafanywe watunzaji wapya ingawa mchango wao wa awali ulikuwa mdogo. Miradi mingine miwili ilikutwa na dalili kama hizo. Hakuna aliyepewa ruhusa. Waliozisoma barua hizo hawakujua zimetoka nchi gani, na hawakuhitaji kujua: walikuwa wamekwisha kuzisoma zile alizotumiwa Collin mwaka 2022.